Chama Huzaliwa Kwanza Kwenye Daftari la Msajili

Mwaka 2010 chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi kilishinda majimbo manne ya ubunge katika nchi nzima: Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Yote manne yako mkoa wa Kigoma. Kwenye daftari la Msajili wa Vyama vya Siasa, NCCR ni chama cha kitaifa, chenye wanachama Bara na Visiwani kama sheria inavyotaka. Hakuna mahali kimeandikishwa kuwa chama cha Waha, wala cha watu wa ziwani, wala cha mwisho wa reli. Lakini katika Bunge lile, kila mbunge wa jimbo aliyekaa kwa tiketi ya NCCR ukimuuliza kwao ni wapi, jibu lilikuwa moja.

Mwaka huohuo Kigoma Kaskazini ilimrudisha Zitto Kabwe kwa tiketi ya CHADEMA. Miaka mitano baadaye majimbo yale manne yakaondoka mikononi mwa NCCR, na kiti pekee ilichopata kikawa Vunjo, kule Kilimanjaro. Kigoma Mjini nayo ikampa Zitto kura akiwa ndani ya chama kingine, ACT-Wazalendo, kilichosajiliwa mwaka 2014, na hicho kikawa kiti pekee cha jimbo ambacho ACT ilipata nchini mwaka ule. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Dk. Amani Walid Kabourou. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini alioshiriki kama mgombea Februari 1994 ulitenguliwa na Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani ikakubali utenguliwe. Mojawapo ya hoja zilizotajwa ni jinsi Radio Tanzania ilivyoipendelea CCM wakati wa kampeni. Mwaka 1995 Kabourou akaingia bungeni kwa CHADEMA.

Wanaotutazama kwa mbali wana jibu jepesi: watu wa Kigoma ni wabishi. Nimelisikia Dar es Salaam, nimelisikia Dodoma, nimelisikia ndani ya treni usiku, mara tu behewa linapoiacha Tabora na mazungumzo yakageukia siasa. Sitaki kulikataa lote, maana ubishi tunao. Ila ubishi hauelezi kwa nini mtu wa Kasulu mwenye dai la Kasulu alilipeleka kwa chama chenye makao makuu Dar es Salaam badala ya kuunda cha kwake. Na hauelezi kwa nini mtu huyo akihama, anahamia chama kingine chenye makao makuu hukohuko. Hilo linaelezwa na sheria ya usajili, na historia ya sheria hiyo ni ndefu kuliko umri wa vyama vyote vinavyopeperusha bendera hapa Mwanga sokoni.

Mimi niliifikia habari hii kwa njia ya msiba. Nilikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana, na tulipokua tukaona vema tupate usajili. Nikaanza kusoma: katiba ya chama iweje, viongozi waorodheshwe vipi, anwani iwe wapi, shughuli zifanyike eneo gani. Sheria niliyokuwa nikiisoma ilikuwa Sura ya 337, Sheria ya Vyama, na juu yake kuna mwaka: 1954. Nilisimama hapo. Mwaka 1954 ndio mwaka ilipozaliwa TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika. Sheria ambayo wazee wetu wa Saba Saba walijaza fomu zake ndiyo hiyo ambayo sisi wa sanda na turubai tulikuwa tunaijadili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta vitabu, nikiwauliza wazee wa Ujiji, na kulinganisha yetu na ya majirani. Nilichokiona ni hiki: kabla wanachama hawajakaa kikao cha kwanza, msajili ameshaamua chama chao kitakuwa na umbo gani.

Tuanze na majirani wa karibu kabisa. Ukisimama Kibirizi siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Congo. Upande wa mama yangu ni Wamanyema wa Ujiji, na ng'ambo ile si nchi ya kigeni kwetu hata kidogo. Mitumbwi inakwenda na kurudi, ndoa zinafungwa, misiba inahudhuriwa. Wabelgiji wenyewe walikuwa na sehemu yao hapa bandarini Kigoma, kwa makubaliano waliyofanya na Waingereza mwaka 1921, ili mizigo ya Congo ipite kwenye reli ya kati kwenda Dar es Salaam.

Sasa Wabelgiji hao walikuwa na utaratibu wao kuhusu vyama. Hadi miaka ya 1950 ikielekea ukingoni, Mwafrika wa Congo hakuruhusiwa kuwa na chama cha siasa. Aliruhusiwa kuwa na umoja wa kusaidiana wa watu wa kabila lake, au chama cha utamaduni, au cha waliosoma shule moja. Basi watu wakaingia mlango uliokuwa wazi. ABAKO ilianza mwaka 1950 kama chama cha kulinda lugha na utamaduni wa Wabakongo, kabila la Congo ya chini. Joseph Kasa-Vubu alipochukua uongozi mwaka 1954 ikaanza kudai mambo ya utawala, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 1957 ulipofanyika Léopoldville, ABAKO ikashinda. Kule Katanga, mwaka 1958, vyama vya makabila viliungana vikaunda CONAKAT, ambayo Moïse Tshombe alikuja kuiongoza. Waluba wa Katanga hawakukaa ndani yake muda mrefu. Wakawa na chama chao, Balubakat, chini ya Jason Sendwe.

Patrice Lumumba na wenzake walianzisha MNC Oktoba 1958. Chama kilichotaka kusema na Congo nzima kilipata mwaka mmoja na miezi kadhaa tu kujijenga, katika nchi ambayo unaweza kuipanga Tanganyika ndani yake zaidi ya mara mbili, kabla ya uchaguzi wa Mei 1960. Wenzake wa kikabila walikuwa na mtandao wa miaka: wajumbe, michango, nyimbo, watu waliokuwa wanazikana. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi. Balubakat waliokuwa kaskazini mwa Katanga, yaani upande huu unaotazamana na ziwa letu, wakakataa kumfuata, na damu ikamwagika huko.

Sisemi kwamba utaratibu wa usajili ndio ulioleta yote hayo. Kulikuwa na shaba ya Katanga, kulikuwa na kampuni, kulikuwa na mkono wa Ubelgiji wenyewe. Ninachosema ni kwamba wananchi walipofunguliwa lango la siasa, vyombo vilivyokuwa tayari mikononi mwao vilikuwa vile tu ambavyo mkoloni aliviruhusu, na vyote vilikuwa na umbo la kabila. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka ng'ambo hiyo, na bado ina watu. Sisi wa Kigoma hatujifunzi habari za Congo vitabuni.

Kenya walipewa kitu kingine, na kwa maoni yangu huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote, maana pale amri iliandikwa makusudi.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Juni 1953 serikali ikaipiga marufuku KAU, chama pekee kilichokuwa kinakusanya Waafrika wa makabila mengi. Kwa miaka miwili hakukuwa na chama. Mwaka 1955 serikali ikalegeza: Waafrika wanaweza kuwa na vyama vya siasa, lakini mwisho wake ni wilaya. Hakuna chama cha nchi nzima. Na huko kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru hata cha wilaya hakuna. Wakili Argwings-Kodhek alitaka jina lenye sura ya taifa. Akaishia na Nairobi District African Congress. Mombasa wakawa na chama chao, Nakuru wakawa na chao. Tom Mboya, kijana mwenye uwezo wa kusema na Kenya nzima na Afrika nzima, alikuwa na chama kilichoishia kwenye mipaka ya jiji: Nairobi People's Convention Party.

Hebu mfikirie mwanasiasa wa wilaya katika miaka hiyo mitano. Kikao chake ni cha wilaya, michango ni ya wilaya, lugha ya jukwaani ni ya wilaya, mpinzani wake ni wa wilaya. Dai lake kubwa linakuwa ardhi ya wilaya na nani asiingie humo. Ardhi ndiyo iliyokuwa moyo wa siasa ya Kenya, na wilaya nyingi zilichorwa na mkoloni kufuata makabila. Kwa hiyo marufuku ile iliyoonekana kuwa ya kiutawala tu ikawafundisha viongozi kizazi kizima kuhesabu watu wao kwanza.

Mwaka 1960 marufuku ikaondolewa. KANU ikaundwa, na baada yake KADU. Ukiitazama KADU ilivyozaliwa unaona mishono: Kalenjin Political Alliance, Maasai United Front, Coast African People's Union, Kenya African People's Party ya Masinde Muliro, pamoja na chama cha Wasomali. Ronald Ngala, Muliro na Daniel arap Moi hawakuanza na watu wasio na vyama. Walianza na vyama vya nyumbani vilivyoshikana mikono kwa hofu ya wakubwa. KANU nayo haikuwa tofauti sana kwa ndani, ila vipande vyake vilikuwa vikubwa zaidi. KADU ikadai serikali ya majimbo na kuipata katika katiba ya 1963, kisha ikajivunja Novemba 1964. Lakini ule mtindo wa kujenga umoja wa kisiasa kwa kuunganisha wenye watu wao haukuvunjika pamoja nayo, na kila msimu wa uchaguzi Kenya tunausikia redioni hadi huku.

Nikisimulia haya, vijana wananiambia: basi sisi tulinusurika kwa sababu ya Mwalimu na Kiswahili. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Tulikuwa na makabila mengi na hakuna moja lililoweza kuyameza mengine. Tulikuwa na lugha iliyokwisha kufika Ujiji na Tabora kwa misafara kabla Mjerumani hajafika. Lakini tusiache kuitazama na sheria, maana Gavana Edward Twining naye alijaribu.

Kwanza ulikuja waraka wa serikali namba 5 wa mwaka 1953, uliowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Soma athari yake polepole. Waafrika waliosoma walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa makarani, walimu, madaktari wasaidizi, wa serikali wote. TAA, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU na chenye mizizi ya tangu 1929, ilikuwa inaendeshwa na watu wa namna hiyo. Waraka uliwafyeka. Waliobaki wazi ni wafanyabiashara, madereva, wakulima wa ushirika, walimu wa misheni, mafundi, na akina mama wa mijini. Julius Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa misheni, Pugu, na hata huko Machi 1955 ikambidi achague, akaacha kazi. Serikali ilidhani imekiondolea chama vichwa. Ilichofanya ni kukisukuma kwa watu ambao hawakuwa na kituo cha kazi cha kuwafunga wala pensheni ya kupoteza. Bibi Titi Mohamed hakuwa karani wa mtu.

Kisha ikaja ile Sheria ya Vyama ya 1954. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai mwaka huo Dar es Salaam, na kati ya wale waasisi kumi na saba alikuwemo Germano Pacha kutoka Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora na sisi Kigoma tulikuwa ndani yake. Alikuwemo pia Saadani Abdu Kandoro, mshairi, mtu wa kwetu Kigoma, aliyekuwa amefanya kazi ya TAA katika Jimbo la Ziwa. Kwa sheria mpya haikutosha makao makuu kusajiliwa. Kila tawi lilipaswa kupata usajili wake, na msajili aliweza kukataa. Hapo ndipo Twining alipopata kisu. Jimbo la Ziwa, lenye Wasukuma na pamba yao, TANU ikanyimwa tangu 1954 hadi 1958. Sehemu za Tanga nazo zikafungiwa mwaka 1957, na Nyerere mwenyewe akakatazwa kuhutubia mikutano ya hadhara mwaka huohuo.

Usukumani, kwa miaka minne, watu walibaki na kile kilichoruhusiwa: Sukuma Union na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani aliviongoza hadi vikawa muungano mkubwa wa Victoria. Ukitazama kwa jicho la Kenya, yote yalikuwa tayari kwa chama cha Wasukuma. Kabila kubwa kuliko yote nchini, zao lenye fedha, viongozi wenye uzoefu, na chama cha taifa kimepigwa marufuku. Hakikuzaliwa. Ghasia za Geita za 1958 zilipotokea, za kupinga mabaraza ya mchanganyiko wa rangi, waliozibeba walikuwa wakidai TANU iruhusiwe. Bomani alikuwa mtu wa TANU na akaja kuwa waziri.

Nimekaa na swali hili muda mrefu: kwa nini Usukumani hakukuzaliwa chama cha Wasukuma wakati Kenya kila wilaya ilipata chake? Jibu ninaloliamini ni kwamba katika Kenya ya 1955 hakukuwa na chama kizima popote. Huku kizima kilikuwepo, kimesajiliwa, kina bendera na kadi, na kiko umbali wa safari moja ya treni. Msukuma aliyenyimwa tawi alijua amenyimwa nini. Twining aliweza kukata matawi, lakini kwa kuwa alikisajili chama, shina alilikubali mwenyewe. Alipojaribu kupanda mti mwingine pembeni, United Tanganyika Party (UTP) ya 1956, haukushika.

Mzee mmoja wa Ujiji, aliyefanya kazi reli enzi hizo, nilimpa shikamoo yake nikamuuliza hili. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kadi ilikuwa inasafiri. Tawi hukaa mahali pamoja, kadi iko mfukoni." Alikuwa akifika Mwanza na treni ya Tabora, na kadi yake anayo, mahali ambapo tawi halikuruhusiwa. Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo.

Tabora yenyewe, Januari 1958, ndiko TANU ilikoponea chupuchupu. Serikali ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na kupiga kura kwenyewe kulitaka kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo fulani. Lilikuwa tusi. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, kwa hoja kwamba wakisusia, Baraza la Kutunga Sheria litajazwa na UTP. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda African National Congress. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na naona pia kwamba Mtemvu alikuwa na haki ya kutoka. Aliposimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata kura 21,276 kwa 1,127,978. Alishindwa kwa kura, na hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kushindwa. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli aliyeacha ubalozi wa London akaanzisha People's Democratic Party, hakupata hata nafasi hiyo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 aliwekwa kizuizini. Mwaka 1965 sheria ikasema chama ni kimoja.

Kati ya hayo kuna tukio moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nami nataka tulitazame. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Chama kilikuwa na mgombea wake, Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu wakamtaka Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana TANU, akasimama peke yake bila chama, akashinda, kisha akaenda kukaa na TANU bungeni. Watu wa Mbulu walikuwa na hoja ya Mbulu. Hawakuunda chama cha Wairaqw, hawakuvunja nchi, hawakuhitaji hata kuichukia TANU. Walikuwa na nafasi ya mgombea binafsi, wakaitumia, dai lao likaishia palepale. Mfumo wa chama kimoja uliifuta nafasi hiyo, na haijarudi.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vingi, kwa kuheshimu ile asilimia 20, na hilo mimi ninalishukuru hadi leo. Sheria ya Vyama vya Siasa, namba 5 ya 1992, ikaanza kazi Julai mwaka huo. Walioiandika walikuwa wameiona Congo na wameiona Kenya. Wakapiga marufuku chama cha dini, cha kabila, cha eneo, cha rangi. Wakaweka usajili wa muda, kisha ndani ya siku 180 chama kionyeshe wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati yake iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Ni hesabu ya watu 2,000 tu, lakini ni jiografia nzito. Mchungaji Christopher Mtikila, aliyeukataa Muungano hadharani, chama chake cha DP kilikaa bila usajili kwa miaka kumi hivi.

Nia ya kifungu hiki naiheshimu. Mtu anayeishi mkoa mmoja na Nyarugusu hawezi kuicheka hofu ya vyama vya kikabila. Lakini tazama kinavyofanya kazi kwa mtu wa huku. Tuseme wavuvi wa migebuka na dagaa, wakulima wa mawese, watu wanaoisubiri reli na wale wanaoulizwa uraia wao kila wanapofuata karatasi ofisini kwa sababu ya jina la ukoo au lafudhi, wanaamua wawe na sauti moja. Chama hawawezi, kwa sababu ni cha eneo. Wakitaka kukisajili watafute watu 200 Pemba wenye uchungu na bei ya mawese ya Ujiji. Mgombea binafsi hawawezi, kwa sababu katiba inataka kila mgombea apitishwe na chama. Kinachobaki ni kuazima chama cha kitaifa kilicho dhaifu kiasi cha kuwakubali, na kukijaza watu wao.

Ndivyo ilivyokuwa 2010. NCCR ilikuwa chama kilichosajiliwa chenye nafasi, na Kigoma ilikuwa na vijana wenye hoja, David Kafulila akiwa mmoja wao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, waziri wa kwanza wa sheria wa nchi hii, aliporudi kwenye siasa miaka ya 1990 na chama cha UMD; jina la Tabora lilikuwa zito, mikoa mingine tisa haikumjua hivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa UDP ya John Cheyo na Bariadi yake. Sheria ilikataza chama cha eneo, na eneo likaingia ndani ya chama cha kitaifa kwa kura, likakaa humo hadi chama kikagombana na watu wake au watu wakagombana na chama, kisha likahamia kwingine. Kila kuhama kunaacha wanachama wa kata na vijiji mikononi na kadi isiyo na mwenyewe. Nina jamaa wenye kadi za vyama kadhaa sandukuni, na si kwa kutokuwa na msimamo. Msimamo wao ni uleule tangu Kabourou, ni chama ndicho kinachobadilika.

Gharama nyingine ni kwamba anayeazima hana kauli. Uongozi wa juu ukiamua kumvua mwanachama uanachama, mbunge anapoteza kiti, hata kama jimbo zima linamtaka, kwa sababu kiti kwa sheria yetu kinafuata chama. Watu wa Kasulu wamempa kura, lakini kamati inayokutana mbali na Kasulu ndiyo inayoweza kumwondoa. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa yakamwongezea Msajili nguvu za kudai taarifa na kuingia ndani ya mambo ya vyama, na mikutano ya hadhara ya siasa ilikuwa imezuiwa tangu 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoiruhusu tena Januari 2023. Ukisoma mambo hayo ukiwa umeshausoma mwaka 1954, unautambua mkono.

Kwa hiyo mimi sidai vyama vya mikoa. Naogopa ilivyokuwa Kenya, na ya Congo tumeyapokea mlangoni. Ninachodai ni nafasi ile ya Mbulu. Mahakama Kuu Dodoma, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilikwishasema katika kesi ya Mtikila mwaka 1994 kwamba raia ana haki ya kusimama bila chama. Bunge likabadilisha katiba kuizima hukumu. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni jambo la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa hapahapa Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki, irekebishe sheria yake.

Na tusianze na urais wala ubunge. Tuanze na diwani, tuanze na mwenyekiti wa kijiji. Pale Kalinzi penye kahawa, watu wanamjua nani anagawa maji kwa haki na nani anakula michango ya zahanati. Hawahitaji bendera ya kuwaambia. Hata hivyo mama anayeaminiwa na kijiji kizima, akitaka uenyekiti, ni lazima kwanza apewe kadi na kupitishwa na chama chenye wanachama katika mikoa kumi, miwili kati yake ya visiwani, ndipo jirani zake waruhusiwe kumchagua asimamie bomba la maji.